Sehemu Moja kwa Elfu Kumi: Dhahabu ya Kanda ya Ziwa na Historia ya Kupima Usafi

Hakuna dhahabu safi ardhini. Ile inayochimbwa Geita, Kahama na vijiji vya Shinyanga hutoka mwambani ikiwa imeshikana na fedha, na majirani zake huwa chuma, shaba na salfa. Kinachoitwa dhahabu safi ni kazi ya watu: tanuri, tindikali, mizani, na mwishowe mtu mwenye mamlaka ya kutamka kwamba kipande hiki kina dhahabu kiasi fulani na vitu vingine kiasi fulani. Historia ya madini ya Kanda ya Ziwa imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya makampuni, mikataba na migogoro ya ardhi, na masimulizi hayo yana haki yake. Lakini ipo historia nyingine chini yake, nayo ndiyo hoja ya insha hii: kwa zaidi ya karne moja, thamani ya dhahabu ya ukanda huu imeamuliwa na yule anayeweza kupima kile kidogo kilichochanganyika nayo, na asiyeweza kukipima amelazimika kupokea neno la mwenzake. Ushahidi wa hoja hii unatoka pande mbili. Upande mmoja ni migodi na masoko yenyewe. Upande wa pili ni maabara za Uholanzi, Marekani na Japani, ambako wanafizikia waliipoza dhahabu hadi karibu na ukomo wa baridi, wakagundua kwamba chembe chache za chuma zinatosha kubadili tabia ya kipande kizima.

Mwamba wenyewe unaeleza kwa nini mchanganyiko huo haukwepeki. Ukanda wa Geita, Kahama na Shinyanga ni sehemu ya miamba ya kale ya Usukuma, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Geita, dhahabu nyingi ilijikusanya kwenye miamba ya chuma yenye matabaka. Maji ya moto yaliyopanda kutoka chini yalibeba dhahabu ikiwa imeungana na salfa. Yalipokutana na chuma, salfa iliiacha dhahabu na kukishika chuma, ikafanyika pairiti, na dhahabu ikaganda papo hapo. Kwa hiyo chuma hakikuingia Geita kama mgeni wa kuichafua dhahabu. Bila chuma hicho dhahabu ingepita njia yake. Bulyanhulu, upande wa Kahama, dhahabu imekaa kwenye mikanda ya kwatzi pamoja na salfidi za chuma na shaba. Mtafiti wa Kijerumani aliripoti dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa ukafanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu ikaanza uzalishaji wa kiwanda mwaka uliofuata. Katika vipindi vyote hivyo kazi ngumu ilikuwa ileile: kuitenga dhahabu na wale waliokaa nayo tangu mwamba ulipoumbwa, na kusema kwa uhakika imetengwa kiasi gani.

Sarafu moja ya vita inaonyesha jinsi tamko hilo lilivyo na nguvu. Mwaka 1916 serikali ya kikoloni ya Wajerumani, ikiwa imezingirwa na Waingereza baharini na haipati fedha kutoka Berlin, ilichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, ikaipeleka kwenye karakana ya reli ya Tabora na kugonga humo sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Ziligongwa zaidi ya 16,000 kabla ya Wabelgiji kuuteka mji huo Septemba. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban gramu 7.17, na usafi wake ulikuwa sehemu 750 kwa 1,000. Robo ya sarafu, basi, haikuwa dhahabu. Si kosa kufanya hivyo, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini na huchakaa haraka mikononi. La kuzingatia ni hili: aliyepokea sarafu hiyo sokoni hakuwa na njia rahisi ya kuihakiki robo ile. Sonara mwenye jiwe la kusugulia angeweza kukisia. Askari, mpagazi au mfanyabiashara wa nafaka asingeweza. Kilichoifanya kuwa sarafu ya rupia 15 ni dhahabu pamoja na neno la aliyeipima.

Wanasayansi walilifikia swali hilohilo kupitia biashara nyingine. Mnamo mwaka 1857, wakati wa matayarisho ya kebo za simu za chini ya bahari, William Thomson aligundua kwamba nyaya za shaba zilizouzwa zote kama shaba safi zilitofautiana sana katika kupitisha umeme. Katika miaka ya 1860 mkemia Augustus Matthiessen aliichunguza sababu akiwa London, akaona kwamba kiasi kidogo tu cha aseniki ndani ya shaba kinaongeza ukinzani wake kupita matarajio. Kanuni iliyobaki na jina lake inasema ukinzani wa metali ni jumla ya sehemu mbili, moja inayotokana na joto na nyingine inayotokana na atomi ngeni. Mtu anayevuka mnada wa ng'ombe wa Usukuma anaweza kuielewa: yeye ni umeme unaopita, ng'ombe wanaohangaika ni atomi za metali zinazotetema kwa joto, na nguzo za uzio ni atomi ngeni. Jioni ng'ombe wakilala, kama metali inapopoa, njia hufunguka, lakini nguzo hubaki pale pale. Hii haikuwa elimu ya vitabuni tu. Kebo ya chini ya bahari ilipofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, usafi wa shaba ulikuwa tayari suala la fedha kwa kila aliyenunua au kuuza waya.

Baridi kali ndiyo iliyoipa kanuni hiyo mtihani wake. Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes, katika mji wa Leiden, aliigeuza heliamu kuwa kimiminika, akapata baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri za Selsiasi, nyuzi nne tu juu ya ukomo wa baridi. Miongoni mwa metali alizozipima ni platini na dhahabu. Ukinzani wa dhahabu ulishuka kadiri ilivyopozwa, kisha ukafika mahali ukakataa kushuka zaidi. Na dhahabu iliyosafishwa vizuri ilifika chini kuliko ile yenye uchafu. Kutokana na hilo Onnes alishawishika kwamba mabaki yale ya ukinzani ni alama ya uchafu, akatafuta metali inayoweza kusafishwa kuliko dhahabu. Akaichagua zebaki, kwa kuwa huchemka na kuwa mvuke kwa joto la nyuzi 357 tu, hivyo inaweza kuchujwa kwa kuvukizwa tena na tena. Mwaka 1911 zebaki hiyo ilipoteza ukinzani wake wote ghafla, jambo ambalo baadaye lilionekana kuwa la aina nyingine kabisa na lisilohitaji usafi mkubwa. Ugunduzi huo ulimpatia sifa duniani kote. Hata hivyo, kwa hoja yetu, urithi muhimu zaidi ni ule wa dhahabu: ukigawanya ukinzani wa waya kwenye joto la kawaida kwa ukinzani wake ndani ya heliamu ya kimiminika, unapata kipimo cha usafi chenye uwezo wa kuhisi atomi ngeni chache katika kila milioni.

Kisha dhahabu ikaleta fumbo. Mwaka 1934, katika maabara ileile ya Leiden, W. J. de Haas, J. de Boer na G. J. van den Berg walipima nyaya za dhahabu wakakuta ukinzani unashuka kama ilivyotarajiwa, lakini nyuzi chache juu ya ukomo wa baridi unageuka na kuanza kupanda. Kwa kanuni ya Matthiessen hilo haliwezekani, maana uchafu unatakiwa kubaki na ukinzani uleule katika baridi yoyote. Kwa miaka 30 jambo hilo lilikosa maelezo ya kuridhisha, na kikwazo kimoja kilikuwa kutojua kwa hakika kilichomo ndani ya nyaya: ni vigumu kuamua kama tabia fulani ni ya dhahabu au ni ya kitu kilichojificha ndani yake katika kiasi ambacho mizani ya kawaida haikioni. Mwaka 1964, mwaka uleule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, majibu mawili yalikutana. Nchini Marekani Myriam Sarachik na wenzake walionyesha kwa vipimo kwamba mgeuko huo unatokea pale ambapo atomi za chuma ndani ya metali zinabaki na usumaku wake. Nchini Japani Jun Kondo alieleza sababu. Kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo, na elektroni inayobeba umeme nayo ina usumaku wake; zinapokutana zinaweza kugeuzana, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo migongano ya namna hiyo inavyokuwa mizito zaidi. Ukinzani wa joto ukipungua na ule wa sumaku ukipanda, lazima pawepo mahali pa chini kabisa katikati yake. Hapo ndipo de Haas na wenzake walipopaona bila kujua wanachokiona.

Mambo mawili yanafuata kutoka ugunduzi huo, na yote yanatuhusu. La kwanza ni kwamba asilimia ya jumla haitoshi. Fedha ikiingia ndani ya dhahabu inaongeza ukinzani kidogo, na kiasi hicho hubaki vilevile katika baridi. Chuma cha kiasi hichohicho kinaongeza ukinzani mara nyingi zaidi, na kinabadili hata mwelekeo wake kadiri baridi inavyozidi. Vipande viwili vinavyoandikwa asilimia 99.99 vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kwa kutegemea ile sehemu moja kwa elfu kumi ni ya nini. La pili ni kwamba aliyekijua kilichomo alikigeuza kuwa mali. Maabara za baridi kali zimetumia kwa miongo mingi vipimajoto vyenye waya wa dhahabu uliotiwa chuma kwa makusudi, kiasi cha atomi 7 katika kila 10,000, kwa sababu waya huo unahisi baridi ambayo dhahabu tupu haiihisi vizuri. Chuma kilekile ambacho kwa miaka 30 kilikuwa chanzo cha fumbo kilipopimwa kikawa chombo cha kazi.

Rudi sasa Geita uone jinsi upimaji unavyogawanya faida. Mchimbaji mdogo husaga mbale, yaani mawe yenye dhahabu, kwenye karasha, huosha mchanga kwenye mwalo, hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Sifa iliyomvutia Onnes, ya zebaki kuvukizwa kwa joto dogo, ndiyo hiyohiyo inayomwezesha mchimbaji kuiondoa, na ndiyo inayoipeleka kwenye mapafu yake na ya watoto walio karibu na moto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini moshi haujaisha. Na baada ya hatari yote hiyo, mchimbaji bado hajui ana nini. Kipande kilichochomwa kina fedha, na huenda kimebaki na zebaki na mabaki ya chuma. Kwa muda mrefu aliyetamka asilimia alikuwa dalali, kwa jicho lake au kwa kupima uzito hewani na majini, na aliyetamka ndiye aliyekuwa ananunua. Masoko ya madini yaliyoanza Machi 2019, la Geita likiwa la mwanzo, yalibadilisha hali hiyo kwa kuleta mizani ya wazi na mashine za eksirei mbele ya pande zote mbili. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini kila njia ina mpaka wake. Eksirei husoma ngozi ya kipande tu, kina kisichofikia unene wa unywele. Maji nayo hudanganywa na tungsteni, ambayo uzito wake ni gramu 19.25 kwa sentimita moja ya ujazo, karibu sawa na 19.3 za dhahabu. Kinachoifichua tungsteni iliyofichwa ndani ya mche wa dhahabu ni ukinzani wa umeme, kwa sababu tungsteni hupitisha umeme vibaya kuliko dhahabu. Elimu iliyoanza na nyaya za simu imerudi kwenye meza ya mnunuzi wa dhahabu.

Mfano mkubwa kuliko yote ni makinikia. Kwa miaka mingi migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyoko Kahama, ilisafirisha nje mchanga uliochenjuliwa nusu, wenye shaba, fedha na dhahabu, ukayeyushwe ng'ambo kwa kuwa nchini hapakuwa na tanuri la kuuyeyusha. Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia usafirishaji huo, na makontena 277 yakakamatwa bandarini Dar es Salaam. Mwezi Mei kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikaripoti wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, pamoja na metali nyingine ambazo hazikuwa zikihesabiwa kwenye mrabaha. Kampuni ya Acacia ilikataa takwimu hizo, ikisema ziko juu mno kuliko ilivyokuwa imepima yenyewe. Mgogoro ulimalizwa kwa mazungumzo na Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, si kwa vipimo: Januari 2020 ulisainiwa mkataba uliokuja na kampuni ya Twiga Minerals, hisa za asilimia 16 kwa serikali, na malipo ya dola milioni 300. Kila mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu upande upi ulikuwa karibu na ukweli. Lisilopingika ni kwamba taifa zima lilibishana kuhusu kilichomo ndani ya mchanga wake baada ya miaka mingi ya kuusafirisha, na kwamba hapakuwa na kipimo kimoja ambacho pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kukiamini tangu mwanzo.

Kuna watakaopinga, na wa kwanza atasema mgogoro wa makinikia ulihusu kodi na mikataba, wala fizikia haikuwa na nafasi. Ni kweli kwamba sheria ndiyo inayogawa mapato. Lakini sheria hugawa kiasi kilichotajwa, na kiasi hakitajwi na sheria. Mrabaha wa asilimia yoyote, ukikokotolewa juu ya namba isiyoaminika, utazaa jumla isiyoaminika. Wa pili atasema benki haihitaji usafi wa ajabu: mche unaokubalika kwenye soko la London unatakiwa usipungue sehemu 995 kwa 1,000, na ukishafika hapo hakuna anayeuliza kuhusu atomi za chuma. Hilo pia ni kweli kwa hazina ya benki. Ila mche wa kilo 12.5 wenye usafi wa 995 unaweza kubeba gramu 62 za vitu vingine, na ni haki ya muuzaji kujua gramu hizo ni za nini na zinalipwa vipi. Tena benki si mnunuzi pekee. Nyaya nyembamba za dhahabu zinazounganisha vipande vya elektroniki huhitaji usafi wa asilimia 99.99, na mnunuzi wa aina hiyo hulipia orodha ya uchafu sawa na anavyolipia dhahabu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba ni anasa kuzungumzia heliamu ya kimiminika katika mkoa ambao mchimbaji bado anachoma zebaki kwenye kikaango. Nakubali kwamba hitaji la kwanza la wachimbaji wa Nyarugusu, mkoani Geita, ni maji safi na njia salama ya kuchenjua, na fedha za umma zianzie hapo. Lakini ngazi za kupima hazishindani. Kila moja inategemea iliyo juu yake. Mashine ya eksirei ya sokoni husahihishwa kwa vipande vya mfano ambavyo mtu fulani alivipima kwa moto na tindikali, na vipande hivyo vya mfano vilithibitishwa na maabara inayoona zaidi ya moto. Nchi inayokaa ngazi ya chini tu itanunua uhakika wake kutoka nje milele. Na kwa habari ya heliamu, Tanzania haina sababu ya kujiona mgeni: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba sehemu moja ya Bonde la Rukwa inakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo. Dhahabu na heliamu, vitu viwili vilivyokutana Leiden, vyote viko ndani ya mipaka yetu. Kinachopungua ni mahali pa kuvikutanisha na watu waliofundishwa kufanya hivyo.

Mwelekeo umeanza kubadilika. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku, ambacho Shirika la Madini la Taifa lina hisa ndani yake, na Benki Kuu imeanza kununua dhahabu iliyosafishwa nchini ili kuongeza akiba yake. Hatua hizo zinastahili kuungwa mkono, lakini kiwanda cha kusafisha kisicho na maabara huru ya kukihakiki kinarudisha tatizo la Tabora 1916: neno la mpimaji mmoja, bila wa pili wa kulithibitisha. Serikali iipe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, uwezo wa kupima uchafu hadi sehemu kwa milioni, na itangaze vipimo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kifundishe fizikia ya baridi kali kwa kutumia dhahabu ya Geita, ili mwanafunzi aujue mgeuko wa ukinzani kwa kuupima mwenyewe. Na masoko ya madini yatoe risiti inayotaja fedha, shaba, chuma na zebaki, pamoja na asilimia ya dhahabu. Mchimbaji wa Nyarugusu anayeuza gramu tano ana haki ya kujua kilichomo ndani ya gramu hizo kabla mnunuzi hajataja bei.